Nakshi Iliyofungwa Kabla ya Kufumwa: vitambaa vya Thailand katika sanaa ya leo

Kitambaa cha mudmee huwa kimeshapata nakshi yake kabla mfumaji hajaketi kufuma. Hilo ni la kulielewa mwanzo kabisa, na wengi hulikosa, kwa sababu sisi tuliozoea vitambaa vya kupigwa chapa hudhani nguo hutangulia na maua hufuata. Isan, yaani kaskazini-mashariki mwa Thailand, mambo huenda kinyume. Uzi wa hariri huzungushwa kwenye fremu ya mbao yenye upana uleule wa kitambaa kitakachofumwa, kisha hugawanywa mafungu mafungu. Kila fungu huitwa lam. Nakshi ndogo yaweza kuwa na mafungu 25, kubwa zaidi 49 au 73, na mara nyingi idadi huwa witiri, ili pawepo fungu moja la katikati linalogawa nakshi pande mbili zinazofanana.

Kisha mama anaanza kufunga. Anafunga pale ambapo hataki rangi ipite, zamani kwa nyuzinyuzi za mgomba, siku hizi kwa vipande vya kamba ya plastiki. Fundo moja, la pili, la mia. Uzi unachovywa kwenye rangi, tuseme nyekundu itokanayo na wadudu wanaoitwa khrang, ambao hujijengea ganda la utomvu kwenye matawi ya miti. Ukikauka, baadhi ya mafundo yanafunguliwa, mengine yanaongezwa, unachovywa tena kwenye rangi nyingine. Mwisho wa yote unahamishiwa kwenye vigurudumu vidogo na kupangwa kwa mfuatano usiokubali kosa. Kigurudumu kimoja kikitangulia kingine, joka litakuwa na kichwa mgongoni.

Uzi huo uliotiwa rangi ni mshindio, yaani uzi wa mlalo. Mtande, zile nyuzi za wima zilizotandwa kwenye kitanda cha kufumia, kwa kawaida ni wa rangi moja. Mfumaji anapoanza kupitisha mshindio huku na huku, nakshi inajitokeza mstari kwa mstari, na kingo zake zina ukungu kidogo. Ukungu huo hautokani na uzembe. Rangi hupenya chini ya fundo kwa unywele mmoja au miwili, na hakuna mkono wa binadamu unaoweza kurudisha kila uzi mahali pake pa milimita ileile. Anayejua mudmee huutafuta ukungu huo kwanza.

Sasa mpe mtu wa kompyuta fremu ile aitazame kabla uzi haujafunguliwa. Ataitambua papo hapo. Mafungu ni safu za wima, mizunguko ya uzi ni safu za mlalo, na kila kimraba kina jibu moja kati ya mawili: kimefungwa au hakikufungwa. Ni gridi ya pikseli. Ndiyo maana wabunifu wa nakshi za mudmee hutumia karatasi ya vimraba, na wa kizazi hiki hutumia programu za kompyuta, bila kuona kwamba wamevuka mpaka wowote. Na ndiyo maana nakshi hizi zimekuwa chakula chepesi cha sanaa ya kidijitali: zinaingia kwenye skrini bila kusukumwa, zinachezeshwa, zinamulikwa kwa projekta kwenye kuta za majengo, zinapangwa zicheze kwa mdundo wa muziki.

Wepesi huo ndio uliozaa mkanganyiko ninaotaka kuufungua. Tunaambiwa kila mara kwamba mila imekutana na teknolojia, kana kwamba upande mmoja kulikuwa na bibi kizee na picha yake nzuri, na upande wa pili kijana na mashine yake. Mimi nasema nakshi ya kufuma ni utaratibu kwanza, picha baadaye. Ni hesabu, ni mfuatano wa vitendo, ni kumbukumbu iliyowekwa mikononi. Msanii anayechukua picha peke yake amechukua ganda. Anayeuchukua utaratibu, au kumbukumbu, au jasho lililomo ndani yake, huyo amefanya kazi mpya hata kama hakunakili nakshi hata moja ya zamani.

Tuanze na kumbukumbu. Ipo familia nyingine ya ufumaji nchini humo inayoitwa khit, ambamo nakshi haimo kwenye rangi ya uzi bali kwenye uzi wa ziada unaopenyezwa juu ya kitambaa kikiwa bado kinafumwa. Ili uzi huo upite mahali panapotakiwa, lazima nyuzi fulani za mtande ziinuliwe na nyingine zibaki chini, na mpangilio huo hubadilika kila mstari. Mfumaji atakumbukaje mistari themanini? Wafumaji wa Kithai na majirani zao wa Laos walilitatua jambo hili kwa namna inayonistaajabisha kila ninapoifikiria. Nyuma ya kitanda huning'inizwa nyuzi ndefu za wima, na kila uzi wa mtande umepita kwenye mojawapo. Katikati ya nyuzi hizo za wima huchomekwa vijiti, kimoja kwa kila mstari wa nakshi. Kijiti kinatenganisha nyuzi za kuinuliwa na za kuachwa. Mfumaji anakifuata, anainua, anapitisha uzi wa ziada, kisha anakihamisha kijiti kutoka juu ya mtande kwenda chini. Vijiti vyote vikishashuka, nusu ya nakshi imekamilika, naye anavirudisha juu kimoja kimoja, na nusu ya pili inajifuma yenyewe kinyume, kama kwenye kioo.

Hiyo ni programu iliyohifadhiwa. Nakshi inakaa ndani ya vijiti na kamba, inaweza kuendeshwa mbele na nyuma, na inaweza kukunjwa na kuwekwa hadi itakapohitajika. Watu hupenda kuanzia historia ya kompyuta kwa Joseph-Marie Jacquard na kadi zake za matundu kule Lyon, Ufaransa, mwaka 1804. Jacquard anastahili heshima yake. Lakini wazo la kuhifadhi nakshi nje ya kichwa cha mfumaji, kwenye kitu kinachoweza kuendeshwa na mwingine, lilikuwa likitumika pia chini ya sakafu za nyumba za mbao za Isan, kwenye kivuli ambamo kina mama huweka vitanda vyao vya kufumia.

Waphu Thai wa kijiji cha Ban Phon, mkoani Kalasin, wana hifadhi ya aina nyingine. Kitambaa chao cha phrae wa ni hariri iliyojaa nakshi pande zote, na uzi wa ziada huingizwa kwa ncha ya kidole, rangi tofauti hapa na pale ndani ya mstari mmoja. Nakshi zao hutunzwa kwenye kitambaa cha mfano kiitwacho pha saew, kipande kidogo kilichofumwa makumi ya nakshi zikiwa zimebanana bila mpangilio wa kupendeza, kwa sababu hakikufumwa kwa ajili ya kupendeza. Ni maktaba. Mama humwachia binti, binti hukitazama anapotaka nakshi aliyoisahau, na akibuni mpya naye huongeza. Ukilinganisha na faili lililohifadhiwa kwenye simu, tofauti kubwa ni kwamba pha saew haitoi nakshi kwa asiyejua kufuma. Kuisoma ni lazima uwe na ujuzi wa vidole.

Na kuna mahali ambapo jambo hili limesukumwa hadi ukomo wake. Ban Tha Sawang, mkoani Surin, kuna vitanda vya kufumia virefu kama nyumba ya ghorofa, ambavyo nakshi moja hutawaliwa na vitanzi vya kuinulia nyuzi, takaw kwa lugha yao, vipatavyo 1,416. Kitanda kimoja huhitaji watu kadhaa kwa wakati mmoja. Mmoja wao hukaa ndani ya shimo chini ya sakafu, akipokea na kupanga vijiti vinavyoshuka kutoka juu. Wakifanya kazi kutwa nzima hupata sentimita chache tu. Viongozi wa nchi za APEC, jumuiya ya ushirikiano wa kiuchumi ya Asia na Pasifiki, walipokutana Bangkok mwaka 2003, walivalishwa kitambaa kutoka kijiji hicho. Anayesema kwamba ufumaji ni kazi ya mikono na kompyuta ni kazi ya akili, apelekwe akae ndani ya shimo lile saa moja.

Swali linalofuata huulizwa kwa ukali sana, hasa na wapenzi wa vitu vya kale: je, kuzibadilisha nakshi hizi si kuziharibu? Jibu lake liko kwenye vitambaa vyenyewe. Phrae wa inayouzwa leo kwa mita haikuwa hivyo. Ilikuwa shuka nyembamba ya kujitupia begani, na jina lake linabeba kipimo cha wa moja, kama mita mbili hivi. Mwaka 1977 Malkia Sirikit alipotembelea Kalasin aliwaona wanawake wa Kiphu Thai wameivaa, akaipenda, akawahimiza waifume kwa upana zaidi ili iweze kushonwa nguo. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa ameanzisha wakfu wa SUPPORT wa kuwapatia wanakijiji kipato kutokana na kazi za mikono. Kile ambacho mgeni hukinunua Bangkok akiambiwa ni cha kale na dahari, kwa umbo lake la leo kina umri wa mtu ambaye hajastaafu.

Rudi nyuma zaidi utakuta hali ileile. Wakati wa ufalme wa Ayutthaya, ulioanguka mwaka 1767, watu wa ikulu walivaa pamba iliyochorwa na kupigwa chapa pwani ya Coromandel, India. Michoro ya mfano ilitoka Siam, jina la zamani la Thailand, ikiwa na malaika waliokunja viganja na ndimi za moto za kanok, ikavuka bahari, ikafanyiwa kazi na mafundi wa Kihindi, ikarudi ikiwa nguo. Bahari hiyohiyo ilileta pamba ya Gujarat hadi Kilwa na Mombasa, na fundi wa India alijua kumfumia kila mteja kwa matakwa yake, wa Siam na wa Pwani. Kisha katika karne ya 20 akaja Mmarekani Jim Thompson, aliyeanzisha kampuni yake ya hariri mwaka 1951 kwa kuwategemea wafumaji Waislamu wa Kichamu wa mtaa wa Ban Krua, kando ya mfereji wa Saen Saep, Bangkok. Aliwapa rangi za viwandani zisizochuja, akaifanya hariri ya Thailand ijulikane New York. Mwaka 1967 alipotea kwenye milima ya Malaysia na hajaonekana tena, lakini rangi zake kali zilibaki, na leo watu wengi hudhani ndizo rangi za asili za hariri hiyo.

Kwa hiyo kubadilika si kosa. Swali la maana zaidi ni nini kinachopotea nakshi inapohamishwa, na hapa inabidi tuangalie mahali pake mwilini. Sketi ya kujifunga ya wanawake wa Kithai, phasin, ina sehemu tatu zinazofumwa mbalimbali na kuungwa: kichwa kiunoni, mwili katikati, na mguu chini kwenye pindo. Msomaji anayeijua kanga, yenye mji wake, pindo lake na maneno yake, hatahitaji maelezo marefu: kila nakshi ina mahali pake, na ukiihamisha umebadilisha inachosema. Pindo la phasin la Mae Chaem, mkoani Chiang Mai, ndilo lenye kazi kubwa kuliko zote. Hufumwa kwa mtindo wa chok, uso wa kitambaa ukitazama chini, na mfumaji huchokonoa nyuzi kwa mwiba wa nungunungu, akifanya kazi kwa upande wa nyuma na kuubeba upande wa mbele akilini. Nguo hiyo huvaliwa hekaluni, sikukuu, siku za heshima. Pindo liko chini kabisa, na linaonekana mtu anapotembea.

Likuze pindo hilo kwa projekta, lijaze ukuta wa jengo la biashara. Linapendeza, sikatai. Lakini upande wa nyuma haupo, mwendo wa anayetembea haupo, na yule aliyekuwa na haki ya kulivaa hayupo. Kazi nyingi za aina hii nilizozitazama zinaishia hapo, kwenye kupendeza, na mtazamaji anaondoka akiwa ameona rangi.

Wako wasanii waliochagua njia nyingine. Kawita Vatanajyankur, aliyezaliwa mwaka 1987, alitengeneza mfululizo wa video aliouita Performing Textiles, wa mwaka 2018, ambamo mwili wake mwenyewe unachukua nafasi ya vifaa vya ufumaji. Katika video ya Shuttle, yeye ndiye kile kibebeo cha mshindio: mwili wake unapitishwa katikati ya nyuzi, mara nyingine, mara nyingine tena. Mandharinyuma ni ya rangi angavu kama za tangazo la peremende, jambo analolifanya katika kazi zake nyingi, na macho yako yanavutwa kabla akili haijatambua kwamba inamtazama mtu anayeumia. Hakuna joka la naga pale, hakuna kanok. Nakshi ya jadi haimo hata moja. Hata hivyo mimi naihesabu kazi hiyo kuwa karibu zaidi na kitanda cha Isan kuliko ukuta wowote uliomulikwa, kwa sababu imerudisha kwenye skrini kitu ambacho skrini hukifuta kwanza: mwili wa mwanamke unaorudia tendo lilelile kutwa.

Mwingine ni Jakkai Siributr, na yeye nataka nikae naye zaidi. Amezaliwa Bangkok mwaka 1969, akasomea vitambaa Marekani, na chombo chake kikuu ni sindano. Hadarizi maua. Anadarizi yale ambayo vitabu vya historia vya nchi yake vimeyarukia.

Tarehe 25 Oktoba 2004, mwezi wa Ramadhani, watu waliandamana mbele ya kituo cha polisi cha Tak Bai, mkoani Narathiwat, kusini kabisa mwa Thailand, ambako wengi ni Waislamu wa Kimalay. Saba waliuawa kwa risasi hapohapo. Zaidi ya elfu moja walikamatwa, wakafungwa mikono nyuma, wakalazwa kifudifudi kwenye malori ya jeshi, mmoja juu ya mwingine, wakapelekwa kambini Pattani. Walipofikishwa, 78 walikuwa wamekufa, wengi kwa kukosa hewa. Miaka 20 baadaye, Oktoba 2024, muda wa kisheria wa kushtaki uliisha bila mtu yeyote kuhukumiwa.

Jakkai aliitengeneza kazi yake iitwayo 78 mwaka 2014. Ni mchemraba mkubwa mweusi unaomkumbusha kila mwenye kuutazama Kaaba, na mtu anaweza kuingia ndani. Humo zimo kanzu 78. Hapo nakshi, kurudiarudia, hesabu ya mafungu, vyote vimepata kazi nyingine. Mfumaji wa mudmee hurudia umbo ili lijaze kitambaa. Hapa vazi limerudiwa kwa sababu kila moja lilikuwa na mwenyewe. Unazunguka ndani, unahesabu bila kutaka kuhesabu, na hewa yenyewe ya chumba inakueleza kilichotokea kwenye malori yale kuliko bango lolote lililobandikwa pembeni.

Katika Changing Room, ya mwaka 2017, alichukua makoti ya kijeshi na kofia za Kiislamu akazidarizi matukio ya vurugu za kusini, akawaruhusu wageni wazivae. Hiyo ni hatua inayojibu moja kwa moja lile tatizo la projekta: vazi limerudishwa mwilini, na anayelivaa hawezi kusema yeye ni mtazamaji tu. Baadaye, katika There's no Place, alifanya kazi na vijana wa kabila la Shan wa kambi ya wakimbizi ya Koung Jor, mpakani mwa Thailand na Myanmar. Walidarizi wenyewe habari zao na ndoto zao, na kazi hiyo ilipofika jumba la sanaa la Whitworth mjini Manchester, mwaka 2023, wageni nao walialikwa kushika sindano na kuongeza.

Najua pingamizi lililopo. Mtu atasema: hiyo ni siasa iliyoshonwa kwenye nguo, ina uhusiano gani na jadi ya vitambaa? Uhusiano ni mkubwa. Pha saew ya Ban Phon ni kitambaa ambacho kazi yake ni kukumbuka kwa niaba ya watu waliokuja baadaye. Naga aliyefumwa kwenye sketi za kando ya mto Mekong anakumbusha mlinzi wa maji ambaye maisha ya kijiji yalimtegemea. Kitambaa hakijawahi kuwa pambo tupu huko. Jakkai ameirudisha kazi hiyo ya kukumbuka, akaipa mambo ambayo wengine wangependa yasahaulike.

Linabaki suala la nani ananufaika, na hapa sheria ina jambo la kutufundisha. Thailand imevisajili vitambaa kadhaa kwa alama ya asili ya kijiografia: phrae wa ya Kalasin, tin chok, lile pindo la Mae Chaem, hariri ya Lamphun, pamba ya nili ya Sakon Nakhon. Alama hiyo hulinda jina la bidhaa, mahali inapotengenezwa na namna inavyotengenezwa. Kitambaa cha Sakon Nakhon lazima kiwe kimepita kwenye chungu cha nili halisi, kile ambacho mama hukinusa kila asubuhi, hukilisha chokaa na maji ya majivu, na uzi ukitoka humo huwa wa kijani kabla hewa haijaugeuza buluu. Sheria, kumbe, nayo imeona kwamba thamani iko kwenye utaratibu. Lakini umbo lenyewe la nakshi, likishapigwa picha na kuwa faili, linatoka nje ya ulinzi huo. Kiwanda chaweza kulipiga chapa kwenye poliesta, nalo laweza kumpatia msanii sifa kwenye maonyesho, bila mwanamke wa Mae Chaem kutajwa wala kulipwa.

Hatua ya kwanza ya kulirekebisha hili haihitaji bunge. Kibao cha maelezo kilichobandikwa kando ya kazi ya sanaa hutaja jina la msanii, mwaka, aina ya projekta, hata urefu wa video kwa dakika na sekunde. Kina nafasi ya kutosha kuandika pia nakshi ilitoka kijiji gani, ni ya mtindo gani, na nani aliyeifuma.